Maisha ya Apolo Kivebulaya, na Wale Wasioweza Kufika Kanisani



Katika ukurasa huu tumezoea kusoma maisha ya watumishi wa Mungu waliotutangulia. Mara hii wazee wa kanisa wameniomba niandike juu ya namna ya kuwatunza washiriki wetu wasioweza kutoka nyumbani: wazee, walemavu, wagonjwa wa siku nyingi, na wale wanaowauguza. Nimeona nisiandike mafundisho matupu. Nitawasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake wengi wetu tulilisikia tangu utoto, hasa sisi tuliotoka Ituri na Kivu ya Kaskazini. Lakini kabla ya maisha yake, nianze na kosa langu mwenyewe, kwa maana ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Kuna mama mmoja mzee katika mtaa wetu. Alivuka mpaka pale Mpondwe pamoja na wajukuu wake, akalala Bwera siku kadhaa, kisha akaletwa huku makazini kama wengi wetu. Kule nyumbani alikuwa kiongozi wa kwaya. Hapa alikaa benchi la pili upande wa akina mama, na aliyekosa ufunguo wa wimbo alimtazama yeye. Baadaye miguu ikamvimba, akaacha kuja. Mimi ndiye mzee wa mtaa ule. Nilisikia kwamba amekwenda Kasese kukaa kwa binti yake, nikaridhika na habari hiyo bila kuihakikisha. Ikapita miezi minne. Siku moja mjukuu wake alikuja kwangu kuomba mkeka wa kuazima, na ndipo nikajua kwamba mama hajaondoka hata siku moja. Kila Jumapili asubuhi alikuwa akivaa kitenge chake cha kanisa, akajivuta mpaka mlangoni, akaketi akisikiliza ile rimu ya gari tunayoigonga kama kengele. Mlango wake uko karibu na njia ninayopita kwenda kuteka maji. Ni hatua zisizofika mia mbili.

Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Sasa tusome.

MTOTO WA BUGANDA

Apolo alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda aliitwa Waswa, jina la pacha wa kiume anayezaliwa kwanza. Ujana wake haukuwa wa utulivu. Siku hizo Buganda ilikuwa imejaa vita vya dini, Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki wakigombea nguvu katika ikulu ya mfalme. Waswa aliwahi kuufuata Uislamu, akashika silaha, akaishi maisha ya kiaskari. Alisikia pia mafundisho ya Alexander Mackay, mmisionari fundi aliyefika Buganda mwaka 1878, na maneno hayo yalibaki moyoni mwake kwa muda mrefu kabla ya kuzaa matunda.

Alibatizwa mwaka 1895, akachagua jina la Apolo. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi. Mkewe alikuwa amefariki, naye hakuoa tena. Jina la Kivebulaya alipewa na watu, maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la kiaskari juu ya kanzu yake nyeupe. Lilikuwa jina la utani, lakini likamganda mpaka kaburini.

Tukumbuke hapo kwamba mtu huyu hakuwa msomi mkubwa wala mtoto wa mchungaji. Alikuwa mjane aliyeona vita. Wako wengi wa namna hiyo kati yetu.

MGENI KATIKA TORO

Mwaka huo huo wa 1895 alikubali kwenda magharibi kuwa mwalimu wa kanisa katika ufalme wa Toro, chini ya mlima Rwenzori. Nchi ile ilikuwa imechoka. Miaka minne tu nyuma, mwaka 1891, Kapteni Lugard alipita huko akamrudisha mfalme Kasagama katika kiti chake, na akajenga ngome Katwe, kwenye ziwa la chumvi. Sisi tuliopita barabara ya Bwera kwenda Kasese tunalijua ziwa hilo, na wengine tumenunua chumvi yake sokoni. Watu walikuwa wamekimbia makwao, mashamba yameliwa na magugu, na kila mgeni alitazamwa kwa hofu. Mfalme Kasagama alibatizwa mwaka 1896 akaitwa Daudi, na mlango wa Injili ukafunguka katika Toro.

Walimu wa siku zile hawakuwa na ofisi. Walikaa kijijini pamoja na watu, wakafundisha kusoma kwa kutumia karatasi na vitabu vichache, na ndiyo maana Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji. Apolo alikuwa Mganda kati ya watu wasio wa kwao. Ilimpasa kujifunza lugha yao, kula chakula chao, na kuvumilia kusemwa kwamba ametumwa na wakubwa wa mbali. Sisi wakimbizi tunajua maana ya kuanza upya katika nchi ya wenyewe. Tofauti ni kwamba sisi tulilazimishwa kuondoka, naye aliondoka kwa hiari yake.

KUVUKA KWENDA MBOGA

Ng'ambo ya Rwenzori, baada ya bonde la mto Semuliki, kuna mahali panapoitwa Mboga. Leo wengi wetu tunasema Boga. Waalimu wawili wa Kiganda walitangulia kwenda huko mwaka 1896. Mtawala wa pale, Tabaro, alichukizwa na mafundisho yao, hasa juu ya pombe na wake wengi, akakataza watu kuwapa chakula. Njaa ikawarudisha.

Apolo akaomba kwenda yeye. Alifika mwishoni mwa mwaka ule wa 1896. Husimuliwa kwamba katika mzigo wake alibeba jembe, kusudi mtu akimnyima chakula, alime mwenyewe. Ndugu msomaji, tusilipite jembe hilo haraka. Mtu anayechukua jembe safarini hakusudii kukaa wiki moja.

Alivuka kwa njia ya kaskazini ya mlima. Sisi tulivuka kwa njia ya kusini, kwenye mto Lhubiriha, kutoka Kasindi kuja Mpondwe na Bwera, mlima ule ule ukiwa mkono wetu wa kushoto. Yeye alitoka Uganda kwenda Kongo akiwa na jembe na Injili. Sisi tumetoka Kongo kuja Uganda tukiwa na godoro na watoto mgongoni. Mlima umetuona sote.

MGONJWA ALIYEFICHWA

Mboga ilimpokea vibaya. Nyumba ya ibada ilichomwa, waliosoma naye wakatishwa. Kisha likatokea jambo la huzuni. Dada yake Tabaro aliuangukia mkuki uliokuwa mali ya Apolo, akafa. Haikuwa kusudi la mtu yeyote, lakini Apolo alishtakiwa kuwa ameua. Alipelekwa Toro akiwa mfungwa, akatiwa kifungoni. Baadaye ilionekana hana hatia, akaachiliwa. Katika siku hizo za mateso aliona maono ya Kristo aking'aa kama jua na kumtia moyo, na mpaka mwisho wa maisha yake alisema kwamba maono hayo ndiyo yaliyomfanya asirudi nyuma.

Kuna sehemu moja ya habari hii ambayo wazee wa kanisa la Boga wameisimulia kizazi kwa kizazi. Wanasema kwamba watu wa Tabaro walimpiga Apolo vibaya sana, wakamwacha wakidhani amekufa. Mwanamke mmoja akamkuta angali anapumua. Akamchukua, akamficha, akamwuguza kwa siri mpaka alipopata nguvu. Ndipo siku moja watu wakasikia ngoma ya ibada ikipigwa tena, wakakimbia kutazama, wakamwona amesimama. Tabaro mwenyewe alitetemeka. Mwishowe mtawala huyo alimwamini Kristo, akabatizwa, akaitwa Paulo.

Tunapoisimulia habari hii, mara nyingi tunaharakisha kufika kwenye ngoma na kwenye wongofu wa mtawala. Mimi siku hizi nasimama kwenye nyumba ya yule mwanamke. Zilipita siku nyingi Apolo akiwa amelala, hawezi kuhubiri, hawezi kutembea, hawezi hata kwenda haja peke yake. Katika siku hizo kanisa zima la Mboga lilikuwa mle ndani: mgonjwa mmoja na mwanamke mmoja mwenye chungu cha uji na kitambaa cha kuoshea vidonda. Angejulikana, angeadhibiwa. Hakuwa na cheo. Hakuna aliyemtuma. Na kama asingefanya kazi hiyo ndogo, ile ngoma isingelia.

Basi tunapomhudumia mgonjwa aliye nyumbani, tusidhani tunafanya kazi ya pembeni, ile inayofanywa baada ya kwaya na mikutano kwisha.

NYUMBA YENYE WATOTO

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Alitumika tena Toro kwa miaka mingi. Wakoloni walipopatana juu ya mpaka, Mboga ilibaki upande wa Kongo ya Wabelgiji, na kanisa lake changa likawa halina mchungaji. Mwaka 1915 Apolo alirudi huko akiwa mtu wa zaidi ya miaka hamsini, akakaa mpaka kufa.

Mtu huyu asiye na mke wala mtoto wa kuzaa aliishi katika nyumba iliyojaa watoto. Aliwalea vijana, akawafundisha kusoma, akawapa kazi za shamba na za nyumbani. Baadhi yao ndio waliokuja kuwa walimu na wachungaji baada yake. Walijifunza kutoka kitabuni, na walijifunza pia kwa kumwona baba yao akipokea watu, akigawa chakula, akitoka kwenda kwa wengine hata akiwa amechoka.

Jambo hili linatuhusu. Katika makazi haya watoto wetu wanajifunza kanisa ni nini kwa kutazama miguu yetu inakwenda wapi. Wakiona tunakwenda kwenye mikutano tu, watajua kwamba kanisa ni mikutano. Wakitumwa pamoja nasi kupeleka ndoo ya maji kwa babu asiyeona, watajua zaidi.

KWA WATU WASIOFIKA

Kuanzia mwaka 1921 Apolo alianza kazi ambayo imemfanya ajulikane mbali, yaani kuwaendea Wambuti katika msitu wa Ituri. Watu wa vijijini waliwadharau Wambuti, hawakula nao wala kuketi nao. Wambuti nao hawakuwa na sababu ya kuja kuketi katika kanisa la kijijini. Walihama kufuata mawindo na asali. Kama Apolo angengoja waje, angengoja mpaka leo.

Aliwafuata wenyewe, ingawa umri ulikuwa unakwenda na njia za msituni ni za matope, utelezi na mito. Alijifunza kwao, na kwa msaada wao akaitafsiri Injili ya Marko katika lugha yao. Wambuti wakabatizwa.

Najua kwamba Mmbuti wa msituni na mgonjwa wa kitandani si kitu kimoja. Mmbuti alikuwa na afya na miguu kuliko Apolo mwenyewe. Lakini kuna jambo linalowaunganisha: wote wawili hawapo pale tunapohesabu watu Jumapili. Sisi tunahesabu waliofika, tunaandika idadi kwenye daftari, tunashukuru. Apolo alifikiri pia juu ya wale wasiofika. Aliuliza wako wapi, halafu akaenda.

SAFARI YA MWISHO

Mwaka 1933 Apolo alikuwa mgonjwa wa moyo. Alikwenda Uganda akatibiwa katika hospitali ya Mengo. Angeweza kubaki kule, karibu na madaktari na ndugu wa damu, katika nchi aliyozaliwa. Aliomba arudishwe Mboga. Mtu aliyekuwa ametembea maisha yake yote alirudi akiwa mgonjwa, kutunzwa na watu aliowatunza. Walimwuguza mpaka alipolala mauti tarehe 30 Mei 1933.

Aliagiza jambo moja juu ya kaburi lake. Kwa desturi maiti angelazwa kichwa kikielekea kwao, mashariki. Yeye alitaka kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, upande ambao kazi ilikuwa bado haijafika. Wakafanya hivyo.

Kaburi lake liko Boga. Kanisa alilolianza lilikua, na mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Wengine wetu tumesali karibu na kaburi lile. Na wengine wetu tunakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, wakati Boga na Tchabi zilipovamiwa na watu zaidi ya hamsini wakauawa. Siku ile ile ya kumbukumbu ya kifo cha Apolo, watu wake walikuwa wakikimbia gizani. Sina la kuongeza hapo. Nasema tu kwamba miongoni mwa waliokimbia walikuwamo waliobeba wazazi wao mgongoni, na miongoni mwao wako wanaoishi nasi hapa. Wazazi wale hawakubebwa mbali namna ile ili waje kusahauliwa nyuma ya turubai.

NILIYOYAONA BWERA

Mwaka jana nilikwenda Bwera kwa ajili ya msiba, nikalala kwa ndugu mmoja mwenyeji. Kusanyiko lao liko katika vilima, chini ya Dayosisi ya South Rwenzori ambayo makao yake yako Kasese tangu ilipoundwa mwaka 1984. Nyumba zimeshikamana na mteremko kama viota. Mtu akivunjika mguu au akizeeka, mlima wenyewe unakuwa ukuta. Hawezi kushuka, na akishuka hawezi kupanda.

Kwa habari ya wagonjwa mahututi, watu wa milima ile wana utaratibu wa tangu zamani. Majirani hupokezana machela begani mpaka kwenye barabara, na kutoka hapo gari au bodaboda hupeleka mgonjwa katika hospitali ya Bwera au ya Kagando. Asiyekuja kubeba leo, kesho atabebwa na nani? Hivyo wote huja.

Jumapili ile baada ya ibada niliona kitu kingine. Watu kumi na wawili hivi, akina mama, vijana wawili, mzee wa kanisa na watoto, walipanda mlima wakiwa na ngoma ndogo. Nilifuata, pumzi zikinikatika. Walikwenda kwa mzee mmoja aliyepooza. Hawakukaa muda mrefu. Mama mmoja aliingia kwanza peke yake kumwuliza kama yuko tayari kupokea wageni. Wakaimba nyimbo mbili alizozitaka yeye. Wakasoma somo la siku ile, mzee wa kanisa akaeleza kwa kifupi yale mchungaji aliyofundisha. Kisha yule mzee aliyepooza akaombea kanisa, akitaja majina: mtoto fulani anayefanya mtihani, ndugu fulani aliyekosana na mkewe. Alijua habari zote. Wakati wa maombi vijana wawili walikuwa nyuma ya nyumba wakipasua kuni. Kabla ya kuondoka, mkewe mzee alichukuliwa kando na mama wawili, wakazungumza naye kwa faragha, na nikaona anafuta machozi akitabasamu.

Niliposhuka nilimkumbuka mama wa benchi la pili. Sisi hatuna mlima hapa. Tuna hatua mia mbili za ardhi tambarare.

TUFANYE NINI?

Tangu siku ile wazee tumeketi mara tatu. Haya ndiyo tuliyokubaliana, nanyi mtuongezee:

1. Kila mtaa uwe na daftari la wasiofika. Mtu akikosa Jumapili mbili, mzee wa mtaa au mjumbe wake abishe hodi kwake kabla ya Jumapili ya tatu. Tusitegemee habari za kusikia. Mimi nilizitegemea.

2. Waende wawili wawili, na ikiwa mgonjwa ni mwanamke, awepo mwanamke. Watume mtoto kuuliza kwanza kama mgonjwa yuko tayari. Mtu aliye kitandani hana mahali pa kujificha akiwa hajanawa.

3. Tuulize kabla ya kusaidia. Mwingine anataka maji, mwingine anataka kusomewa Biblia kwa sababu macho yamekwisha, mwingine anataka mtu wa kumpangia foleni siku ya mgao au ya kuhakikiwa majina. Anayepokea mgao kwa niaba ya mgonjwa aende na mtu wa nyumba ile, na kila kitu kikabidhiwe mbele ya mashahidi, ili asishukiwe mtu.

4. Mchungaji apeleke Meza ya Bwana nyumbani kwa kila asiyefika, siku inayojulikana, ili mgonjwa ajiandae na aingojee kwa furaha.

5. Anayemwuguza mgonjwa naye ni wetu. Mara nyingi ni binti wa miaka kumi na minne aliyeacha shule, au mke ambaye hajalala usiku mzima tangu mwaka jana. Mtu akae na mgonjwa saa mbili au tatu, ili huyu aende kanisani, sokoni, au alale tu.

6. Maombi hayachukui nafasi ya dawa. Mgonjwa akizidiwa, tumwite mhudumu wa afya wa kijiji na tumfikishe kituoni, hata kwa machela. Tusimwambie mtu kwamba anaugua kwa sababu ya imani haba. Apolo alimwona Kristo katika maono, na hata hivyo moyo wake uliugua, na alikwenda hospitali.

7. Yanayosemwa chumbani kwa mgonjwa yabaki chumbani. Anayeyatoa nje, hata kwa jina la ombi la maombi, ameufunga mlango ule kwa wenzake.

8. Wasiofika wapewe kazi. Mama yetu wa benchi la pili sasa anafundisha sauti ya pili kwa wasichana wa kwaya, mlangoni kwake, kila Alhamisi jioni. Sauti yake imepungua lakini sikio halijapungua. Akisikia kosa anainua kidole.

Pesa ni kidogo, tunajua. Katika mambo manane haya, mengi hayahitaji pesa. Yanahitaji miguu na daftari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA MITAA

Ni nani katika mtaa wako ambaye hujamwona kanisani mwezi huu? Je, unajua sababu, au umesikia tu?

Apolo alinyimwa chakula akachukua jembe. Sisi tunaoishi kwa mgao, ni kitu gani tulicho nacho mkononi tunachoweza kumpelekea mgonjwa?

Soma Marko mlango wa 2, habari za mtu aliyepooza na rafiki zake wanne. Katika mtaa wako, hao wanne ni akina nani?

Someni pia Mathayo mlango wa 25, sehemu ya mwisho, mkiwa pamoja na watoto.

TUOMBE

Ee Bwana, tunakushukuru kwa mtumishi wako Apolo Kivebulaya, aliyewaendea watu wasiofika. Tunakushukuru kwa yule mwanamke wa Mboga ambaye jina lake unalijua wewe. Utusamehe kwa milango tuliyoipita. Uwatie nguvu walio kitandani na wanaowauguza, hapa makazini, Bwera, Kasese, na kule tulikotoka. Uipe nchi yetu amani, ili wazee wetu waliobebwa mgongoni warudi kwao. Na mpaka siku hiyo, utupe miguu ya kwendeana. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Wazee wa mitaa watapokea majina ya wasiofika baada ya ibada, Jumapili mbili zijazo. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake amwandikie, au aje atuonyeshe nyumba kwa kidole. Inatosha.